Kabla hujatuma voisi kwenye grupu, soma hii kwanza

Mimi sioni, na kuchati nachati kutwa nzima kwa kutumia TalkBack, ile programu ya Android inayokusomea kwa sauti chochote kilicho chini ya kidole. Wenye iPhone wana VoiceOver, imo humo tangu 2009, na kwenye kompyuta ya Windows kuna NVDA ambayo ni ya bure kabisa. Sasa kwenye grupu letu la kazi yupo pia mwenzangu ambaye ni kiziwi, na hapo ndo utaona mambo yalivyo, maana voisi ambayo kwangu ni raha tupu kwake haina kitu, na tangazo la picha analolimaliza yeye kwa sekunde mbili mimi nasikia tu "picha", basi, imeisha hiyo.

Kinachotukutanisha sisi wawili ni maandishi ya kawaida. Mimi nasomewa, yeye anasoma, mwenye uoni hafifu anayakuza, asiyeona wala kusikia anayapapasa kwenye kifaa cha breli kilichounganishwa na simu. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: ukituma voisi, chini yake andika mstari mmoja au miwili ya kilichomo. Si lazima neno kwa neno, "kikao kimesogezwa hadi saa nane, njoo na ripoti" inatosha. Najua siku hizi zipo programu zinazogeuza voisi kuwa maandishi, WhatsApp walitangaza ya kwao mwishoni mwa 2024, ila kwenye lugha walizoanza nazo Kiswahili hakikuwemo, kwa hiyo hiyo kazi usiiachie simu.

Picha nazo hivyo hivyo. Usitume skrinshoti ya tangazo ukaandika "cheki hii", nakili maneno yaliyomo uyabandike. Na kama ni picha ya watu tuambie ni nani na wanafanya nini, sentensi moja tu, sisi hatuhitaji insha, tunataka tucheke wakati mmoja na wenzetu sio baadaye kila mtu ameshahama mada.

Halafu kuna uandishi wenyewe. Ukiandika "2ko xaxa" mwenzako anayeona anaelewa haraka tu, mimi nasomewa namba mbili ikifuatiwa na vitu ambavyo inabidi nirudi nyuma herufi kwa herufi nivifumbue, na meseji zinazidi kuingia. Zile herufi za mapambo ndo mbaya zaidi kwa sababu sio fonti, ni alama za hesabu zinazofanana na herufi, kisoma skrini kinaweza kuzitaja moja moja au kuzipita kimya kabisa, nimewahi kupokea mwaliko ambao jina la mwenye shughuli sikulipata mpaka nikauliza. Emoji weka, nazipenda pia, ila ziweke mwisho wa sentensi na zisiwe msururu, kila moja ina jina lake na jina hilo linasomwa.

Na tafadhali msiwe na haraka na watu. Yupo anayeandika kwa swichi moja (kitufe kimoja tu anachobonyeza kuchagua herufi), yupo anayeiongoza simu kwa sauti, yupo mwenye mkono unaotetemeka, hata kushikilia kitufe cha kurekodi hawezi (programu nyingi ukishikilia ukatelezesha kidole juu, kurekodi kunaendelea hata ukiachia, mwonyesheni). Jibu lake likija mada imeshapita, mpokeeni, na yeye amjibu mtu kwa kuibana ile meseji husika ili ijulikane anaongelea nini.

Kwa wenzangu wasioona, kwanza weka sauti ya Kiswahili. Ya Google ipo na eSpeak, programu nyingine ya sauti ya kusomea, nayo inayo, usikubali kusomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza siku nzima, kunachosha akili bila sababu. Pili, ukikuta kitufe kinachosema "kitufe, hakina lebo" jaribu kwa uangalifu ujue kinafanya nini, kisha fungua menyu ya TalkBack ukiwa juu yake uongeze lebo yako mwenyewe, yaani jina la kitufe litakalosomwa. Tatu, mimi apdeti za kujiweka zenyewe nimezizima kwenye programu ya kuchati ninayoitegemea kazini, nasikilizia siku chache wenzangu wanasemaje ndo naweka, ila nisikae na toleo la zamani muda mrefu maana usalama nao una umuhimu wake.

Na ninyi maadmini, kabla hamjahamisha watu wote kwenda programu mpya, mpeni mmoja wetu aijaribu: afungue grupu, asome, ajibu meseji fulani, arekodi voisi, apokee simu. Akikwama hapo msihame kwanza. Waandikieni watengenezaji, ninyi mnaoona pia, sio kutuachia sisi tu, na msiandike "programu yenu ni ngumu" kwa sababu hiyo hawawezi kuifanyia kazi. Andika aina ya simu, toleo la programu, ulichobonyeza na ulichosikia: "Nikiwa ndani ya chati, kitufe cha kutuma hakina lebo, TalkBack inasema kitufe tu." Fundi akisoma hivyo anajua pa kuanzia.