Siku Beryl alipokataa kutoa mkono

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unauliza, kama Beryl Burton, yule mwendesha baiskeli wa Uingereza, alikuwa mkali hivyo ninavyomsifia tangu ukiwa mdogo, mbona hana hata medali moja ya Olimpiki? Jibu lake fupi. Wanawake hawakuwekewa mbio za baiskeli Olimpiki mpaka 1984, na zile za uwanjani za kufukuzana, wawili wanaanzia pande mbili za uwanja kila mmoja akimfukuza mwenzake, alizokuwa bingwa wa dunia mara 5, za wanawake ziliingia 1992. Yeye kazaliwa Leeds 1937. Piga hesabu mwenyewe. Medali hakuikosa, alinyimwa, na mpaka leo inaniuma.

Ila mimi Olimpiki siitumii kumpima mtu. Unajua ninavyosema siku zote, saa haina upendeleo. 1967 kule kwao Yorkshire kulikuwa na mbio za saa 12, kila mtu anaachiwa peke yake anashindana na saa tu, wanaume wametangulia yeye yuko nyuma yao, akaanza kuwala mmoja mmoja mpaka akamkuta Mike McNamara ambaye siku hiyohiyo alikuwa njiani kuvunja rekodi ya wanaume ya Uingereza. Beryl akaingiza mkono mfukoni akampa pipi, jamaa akapokea, mama huyo akapita. Maili 277.25 za Beryl kwa 276.52 za McNamara! Ikapita miaka 2 ndipo mwanaume akaifikisha hiyo hesabu na kuipita. Na huyo ni mtu aliyelazwa utotoni miezi na miezi kwa homa ya baridi yabisi, moyo ukabaki na hitilafu, na mashindano yakiisha anarudi shambani kuinama na kubeba mizigo.

Lakini ukimtaja Beryl mimi akili hainipeleki huko, inanipeleka 1976. Mbio za barabarani za ubingwa wa Uingereza, mwishoni wanachomoka kwa kasi kugombea mstari, na anayemshinda ni Denise. Binti yake wa kumzaa, ana miaka 20, mama 39. Wakapanda jukwaani, Denise akanyoosha mkono, mama akakataa kuushika. Mbele ya watu.

Najua utasema ni roho mbaya. Na mimi nilisema hivyo. Halafu nikajijibu, ngoja kwanza, mbio za barabarani sio mbio za saa. Kule kwenye saa kila mtu anabeba upepo wake. Barabarani unaweza kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzio, yeye anapasua upepo wewe unapumzika, halafu mita za mwisho unachomoka. Beryl alihisi bintiye hakutoka mbele kufanya sehemu yake ya kazi. Sasa hapo alikuwa na haki ya kukasirika? Ya kukasirika labda, ya kumnyima mtoto mkono... na bado kukaa nyuma ni akili ya mchezo, hakuna sheria aliyovunja. Naishia hapo maana nikiendelea nitatoa hukumu, na hukumu ninayo mdomoni.

Siwezi kuitoa kwa sababu ya ile siku yetu. Unaikumbuka, hata kama hatujawahi kuizungumzia. Ulikuwa na miaka 16, upepo unatupiga usoni njia nzima, nikakwambia kaa nyuma yangu usichoke, nikawa navuta naona kivuli chako tu pembeni ya gurudumu langu, nafurahi moyoni kwamba namkinga mwanangu. Tulipofika kwenye ule mti wetu wa kumalizia ukanipita. Hukupita kidogo, ulipita kabisa, umesimama kwenye pedali, nywele zimefumuka, unacheka kama mtoto wa miaka mitano. Ukashuka ukanyoosha mkono, jasho linadondoka kwenye vidole. Mimi nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nikaifungua nikaifunga tena. Nilipoinuka mkono ulikuwa umeshaurudisha kwenye usukani, na ile njia ya kurudi tulienda kimya, hata babako akauliza kuna nini, nikasema upepo.

Saa haina upendeleo, ndio, lakini siku ile hakukuwa na saa. Kulikuwa na mimi na wewe. Nilijiambia umenitumia. Mtoto kamtumia mama yake kama ngao, na mama ndiye aliyemwambia akae nyuma! Nimeligeuzageuza hilo jambo miaka yote hii halikai sawa.

Baada ya huo mkono kukataliwa Beryl na Denise waliendelea kupanda baiskeli. 1982 walipanda moja, ile ya watu wawili, wakaweka rekodi ya wanawake ya Uingereza ya maili 10, dakika 21 na sekunde 25. Mama ana miaka 45. Ukiwa kwenye baiskeli ile huwezi kujificha kwa mwenzio, miguu yenu inazunguka pamoja mkitaka msitake. Hiyo ndiyo picha yao ninayoipenda kuliko jezi zote 7 za bingwa wa dunia, 5 za uwanjani na 2 za barabarani.

Ile kamba ilikuwa imefungwa vizuri tu, mwanangu. Ulishinda. Ukija nitakupa mkono.

Mama yako