Mvinyo na samaki wa kupaka: adui ni joto

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama mvinyo unapatana na chakula cha Pwani, au tunaiga wageni tu. Mimi ni mkazi wa Malindi, nanywa kwa kiasi, na jibu langu ni kwamba unapatana, tena vizuri sana, ila mara nyingi joto linauharibu kabla haujafika mdomoni. Wengi ninaowasikia wakisema mvinyo na nazi haviendi pamoja walimiminiwa mvinyo uliolala na joto la jikoni.

Hilo la kuiga nilimalize upesi. Pilipili yenyewe asili yake ni Amerika, ikaja huku baada ya Wareno kuanza kupita na meli zao, na leo hakuna anayemwambia mamake kwamba kutia pilipili kwenye mchuzi ni kuiga. Waitaliano nao wako Malindi tangu miaka ya 1960, walipoweka kituo cha San Marco kule Ngomeni cha kurushia roketi. Satelaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lao la baharini tarehe 12 Desemba 1970. Ndiyo maana mji wetu mdogo una watoto wanaoongea Kiitaliano cha kuuzia vinyago, na migahawa yenye orodha ndefu ya mivinyo. Halafu sisi watu wa minazi tuna la kujivunia: anayejua kutofautisha tembo, pombe ya mnazi, la asubuhi na la jioni tayari ana ulimi wa kuonja.

Sasa nije kwenye mlo wenyewe, maana mambo haya hayaelezeki bila sahani mezani. Tulikuwa sita: mashoga zangu wawili, shemeji yangu na mkewe, mwalimu mmoja mstaafu, na mimi. Mke wa shemeji hanywi, akaagiza juisi ya ukwaju. Mgahawa ulikuwa karibu na ufuo, sahani tano zikija moja baada ya nyingine. Tulipatana na mhudumu mapema kwamba amimine kidogo kidogo, mililita 75 hivi, nusu ya kinachomiminwa kwa kawaida. Chupa ya mililita 750 kwa kipimo hicho inatoa vionjo kumi. Watano mnapata kimoja kimoja kwa kila sahani, na kinabaki cha kumwongezea aliyependa. Bila mpango kama huo, kwenye sahani ya tatu hakuna anayeonja tena, mnapiga kelele tu.

Ngisi wa kukaanga walikuja na Prosecco, mvinyo wa mapovu wa Italia. Mapovu na uchachu vinasafisha mafuta mdomoni, na ndimu iliyokamuliwa juu ya ngisi haiugombi mvinyo wa namna hiyo. Angalizo moja kwa mnunuzi: chupa iliyoandikwa Extra Dry ina sukari zaidi kuliko iliyoandikwa Brut, ingawa jina linakufanya udhani kinyume. Sisi tulichukua Brut. Kisha ikaja tambi ya kaa na Vermentino, mvinyo mweupe wa Sardinia. Ulikuwa safi, na sina la kuongeza.

Changu wa kupaka ndiye aliyetuweka mezani muda mrefu. Aliletwa mzima, amechomwa kwa makaa, tui zito limemgandia mgongoni, wali wa nazi pembeni na ukwaju wenye pilipili kwenye kibakuli. Hapa ndipo mivinyo mingi inaposhindwa. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unaonekana maji matupu. Pilipili nayo huchochewa na pombe, kwa hiyo chupa ya asilimia 14 unaiona inawasha kuliko mchuzi wenyewe. Kinachotakiwa ni uchachu wa kutosha, pombe isiyozidi, na sukari kidogo iliyobaki ya kutuliza ulimi. Tuliagiza Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa Afrika Kusini, ile isiyo kavu kabisa, yaani yenye sukari kidogo, na ilikaa na lile tui kana kwamba zilipikwa pamoja. Shoga yangu mmoja, ambaye huwa hasifu kitu, aliomba kionjo cha pili.

Mwalimu hakukubali. Kwake yeye mvinyo ni mwekundu, hivyo vyeupe ni soda ya wakubwa, na Chianti yake ilikuwa imeshafunguliwa. Basi tukaionja na samaki. Ladha ya chuma na shombo ikajaa mdomoni, hata yeye akakunja uso. Kuna sababu: mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chuma kilichomo ndani ya mvinyo, kikikutana na mafuta ya samaki, ndicho kinachotoa shombo hilo. Mvinyo mwekundu mara nyingi hubeba chuma kingi zaidi, lakini si kila chupa, ndiyo maana wengine huapa kwamba wao hawajawahi kulisikia.

Ila nilipoionja peke yake, bila samaki, niliona tatizo la pili. Ilikuwa na joto. Vitabu vinasema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba, na chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18. Malindi mwezi wa Machi, saa mbili usiku, unaweza kuwa bado kwenye nyuzi 28. Kwa joto hilo pombe ndiyo inayoruka puani kwanza, na harufu ya matunda hutaiona. Nikamwita mhudumu alete ndoo.

"Mama, nyekundu haiwekwi kwenye barafu," akaniambia kwa adabu.

"Weka tu, mwanangu. Robo saa, kisha uitoe."

Nilimwomba atie na maji, kwa sababu barafu tupu inaigusa chupa hapa na pale tu, lakini maji yenye barafu yanaizunguka yote. Kiganja cha chumvi kinaharakisha zaidi. Isikae mno, kwani mwekundu ukizidi baridi unabaki ukakasi, ule wa ndizi mbichi. Ukakasi huo unaletwa na tanini, inayoshika protini za mate na kuukausha ulimi.

Mishkaki ya ng'ombe ilipofika, Chianti ilikuwa kwenye nyuzi 16 hivi kwa kukisia, na haikuwa chupa ile ile tena. Nyama ina protini na mafuta ya kuishughulisha tanini, kwa hiyo ulimi unapumzika na ladha ya matunda inajitokeza. Mwalimu alifurahi kupita kiasi, akatangaza kwamba alijua tangu mwanzo. Tulimwacha.

Kwenye tamutamu hatukuafikiana. Maembe na Moscato d'Asti, mvinyo mtamu wa Italia wenye pombe ya asilimia tano na kitu tu, hayakuwa na mpinzani. Shemeji lakini alikuwa amekuja na halua, akashikilia ionjwe pia. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mvinyo uwe mtamu kuliko kitindamlo, na sijakutana na mvinyo ulio mtamu kuliko halua. Moscato ikageuka ndimu. Shemeji anasema ndivyo anavyoipenda. Mimi nilihamia kwenye kahawa chungu, na bado nasema halua haitaki mwenzi mwingine.

Kwa wasomaji wanaotaka kujaribu: kabla ya kununua, tazama chupa imekaa wapi. Iliyosimama kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua la mchana iacheni hata kama bei imeshuka, na mkiona kizibo kimeinuka juu ya mdomo wa chupa, mjue joto limeshapita humo. Afadhali ya bei nafuu iliyolala mahali penye baridi. Mgahawani ombeni kuionja kwanza chupa ikifunguliwa. Ikinuka boksi lililoloa, kizibo kimeiharibu, na mna haki ya kuirudisha bila kuona haya.

Bili ya chupa tuligawana watano. Mke wa shemeji alilipa chakula chake na ukwaju wake tu, ingawa mwalimu alitaka kugawanya yote kwa sita.

Msomaji, Malindi