Barua kwa mwanangu: kuhusu ule mkwaju mmoja

Mwanangu,

Marahaba. Hapa Isevya tu wazima, mama yako anakusalimu sana.

Umeniuliza jambo zito. Umekosa kufuzu Sunshine Tour, ule msururu wa mashindano ya gofu ya kulipwa ya kusini mwa Afrika, kwa mkwaju mmoja, mikono ilikutetemeka kwenye mashimo ya mwisho, na sasa wataka kujua: ujaribu tena mwakani, au urudi Tabora utafute kazi nyingine? Ukaongeza kwamba anayetetemeka hana moyo wa gofu ya kulipwa. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Nimesimamia mitihani ya darasa la saba miaka mingi. Nimewaona watoto hodari wakikodolea macho hesabu ambazo wiki iliyopita walizimaliza ubaoni. Mara nyingi alikuwa yule aliyebebeshwa ahadi: baba kamwahidi baiskeli, shangazi kawatangazia majirani kuwa huyu ndiye atakayetutoa. Hesabu ilikuwa ileile, kalamu ndiyo iliyokuwa nzito. Usaili wenu una ukali huohuo. Kazi ya mwaka mzima inapimwa kwa siku chache, na hakuna rufaa.

Tangu barua yako ifike nimekuwa nikisoma habari za wenzako. Kwenye DP World Tour, msururu wa Ulaya ambao Kenya Open imo ndani yake tangu 2019, hatua ya mwisho ya usaili ni raundi 6, mashimo 108. Marekani mlango umezidi kuwa mwembamba: mwaka 2012 kadi, yaani kibali cha kucheza kwenye msururu wao mkuu, walipewa 25 bora na waliofungana nao, kisha njia hiyo ya moja kwa moja ikafungwa, na iliporudi 2023 nafasi zilikuwa 5 na waliofungana. Mac O'Grady alipita mwaka 1982, kwenye jaribio lake la 17. Naye Joe Daley, mwaka 2000, alipiga mpira uliokuwa futi nne tu kutoka shimoni, ukaingia, ukagonga kikombe cha ndani na kuruka nje. Akakosa kadi kwa mkwaju mmoja, kama wewe. Mwaka 2012 alishinda Senior Players Championship, moja ya mashindano makuu ya wachezaji wa miaka 50 na kuendelea.

Huyo Daley nimemfikiria sana. Katika raundi nne mtu hupiga mikwaju kama 280. Mmoja kati ya hiyo unatosha kumnyima kadi, lakini hautoshi kusema kama anajua gofu au hajui.

Kilichokulemea nakijua, maana kilitoka huku kwetu. Uliingia uwanjani umebeba shamba tulilouza, mchango wa baba zako wadogo, na kundi la ukoo la WhatsApp lililokuuliza matokeo kila jioni. Jumapili niliwaita wote nyumbani. Nimewaambia, nao wamekubali, kwamba zile fedha zilikuwa mchango, si mkopo. Hakuna atakayekudai, ufuzu usifuzu. Na safari ijayo hakuna atakayekuuliza umepiga mingapi mpaka utakapopiga simu mwenyewe. Shamba tuliuza kwa hiari yetu mimi na mama yako. Usilihesabu tena unapopanga mkwaju.

Basi jibu langu: jaribu tena. Ila tupange sasa, ungali umetulia, kiasi cha fedha utakachotumia na mwaka utakaosimama. Uamuzi wa kuacha usiufanye siku ya matokeo, ukiwa na njaa na aibu. Wakati huohuo endelea kuwafundisha gofu wale vijana pale Lugalo. Ni kipato halali, na unaifanya kazi hiyo vizuri.

Jambo la mwisho ni safari. Mara iliyopita ulifika Afrika Kusini jioni, asubuhi ukaingia uwanjani, miguu imevimba kwa siku nyingi za basi. Umeandika kwamba unataka fimbo mpya. Mimi ningeiweka fedha hiyo kwenye malazi, ufike mapema, ulale, uuzunguke uwanja taratibu kabla ya siku yenyewe. Lakini fimbo unazijua wewe, tuandikie unavyoona.

Nitumie pia tarehe ya mwisho ya kulipa ada. Asali ya Sikonge ikiuzwa, fungu lako tutaliweka pembeni kabla ya matumizi mengine.

Baba yako