Kwa mnaoanza kuchambua kikapu: hii ishu ya Robert Horry muielewe mapema

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kuchambua kikapu, iwe redioni, iwe kwenye kurasa zenu au kwenye meza ya takwimu ya ligi ya mkoa, kuna ubishi mmoja utawakuta tu hata mfanyeje, nao ni huu wa Robert Horry, mchezaji wa zamani wa NBA, ligi kuu ya Marekani, kuingia au kutoingia Hall of Fame, yaani jumba la heshima la kikapu. Kila mwaka majina mapya yakitangazwa unafufuka, huyu anapiga kelele pete saba, yaani ubingwa mara saba, yule anajibu pointi saba kwa mechi, na hapo hapo wanaganda mpaka kipindi kinaisha. Mimi nimebishana hii kitu hewani na nje ya hewa miaka mingi, na nachowaambia ni kwamba ubishi wenyewe ni mtamu sana ila watu wengi wanauanzia pabaya.

Kwanza ujue jumba lenyewe ni la nini. Lipo Springfield, Massachusetts, mji ule ule ambao James Naismith aliubuni huu mchezo mwaka 1891, na si jumba la NBA, ni la kikapu chote: vyuo, wanawake, timu za taifa, Ulaya, makocha, mpaka marefa. Mchambuzi asiyelijua hili anapata tabu sana. Atashangaa Bill Bradley aliingiaje 1983 na wastani wa pointi 12 pale New York, kumbe jamaa alikuwa moto chuoni Princeton na ana dhahabu ya Olimpiki ya 1964. Atashangaa Toni Kukoč 2021, kumbe kabla hajafika Chicago alishaitawala Ulaya. Manu Ginóbili yeye aliingia 2022, na watu wanataja pete zake nne za San Antonio wanasahau ubingwa wa Euroleague 2001 na dhahabu ya Athens 2004 na Argentina. Kwahiyo mtu akikwambia "mbona Manu alikuwa anatokea benchi na kaingia", usikubali hiyo hoja ipite hivi hivi, Manu hakuingizwa na benchi.

Horry hana hayo ya pembeni. Kila kitu chake kipo NBA, misimu 16 kuanzia 1992 mpaka 2008, Houston, Phoenix kidogo, Lakers, San Antonio. Ubingwa 1994 na 1995, alafu 2000, 2001, 2002, alafu 2005 na 2007. Hakuna mchezaji mwingine mwenye pete saba ambaye hakuwa kwenye ile Boston ya Bill Russell ya miaka ya 50 na 60. Na hakuchezeshwa All-Star, ile mechi ya mastaa wa ligi, hata mara moja.

Sasa, ile hoja ya wastani. Hii naomba muiue mapema kabisa mtu akiileta mezani kwenu. Pointi chache hazijawahi kumzuia mtu pale Springfield. Ben Wallace alikuwa na wastani wa chini ya pointi 6 na yupo ndani tangu 2021. Dennis Rodman pointi 7 na kitu, 2011. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, hakufikisha hata wastani wa pointi 10 na aliingia 2015 bila ubishi wowote, kwasababu kila mtu aliyewahi kupeleka mpira chini ya ringi yake anajua kilichompata. K.C. Jones, yule wa Boston ya miaka ya 50 na 60, pointi 7.4 na ubingwa mara nane, aliingia 1989. Na juzi juzi hapa 2024 akaingia Michael Cooper wa Lakers, ubingwa mara tano, wastani pointi 8.9, hajawahi kucheza All-Star.

Lakini uwaangalie vizuri hao wote ni watu wa nini. Ni watu ambao kila usiku, sio siku moja moja, walikuwa na kazi moja wanayoifanya kuliko karibu kila mtu duniani. Cooper alikuwa beki bora wa mwaka 1987, ndo alikuwa anatumwa kumkaba Larry Bird, staa wa Boston. Rodman aliongoza ligi kwa rebaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kuingia, misimu saba mfululizo. Wallace na Mutombo kila mmoja beki bora wa mwaka mara nne. Hizo ni kazi unazoweza kuzihesabu kuanzia Novemba mpaka Juni. Kwahiyo swali la Horry mkiliuliza sawasawa linakuwa hivi: kufunga dakika za jioni ni kazi ya namna hiyo au ni mkusanyiko wa siku chache nzuri?

Hapa ndo pagumu na hapa ndo mchambuzi mchanga anaumbuka, kwasababu atakimbilia video fupi. Video fupi zipo zote, Sacramento 2002, Detroit 2005, Philadelphia 2001, Orlando 1995, zinaunganishwa na muziki na unaona jamaa hakosi. Basi we tafuta na 2003. Kwenye mtoano wa 2003 Horry alirusha pointi tatu 38 akafunga mbili. Mbili! Na mechi ya tano dhidi ya San Antonio, Lakers walikuwa nyuma kwa 25 wakarudi mpaka wakabakiza pointi mbili, mpira ukamfika Horry sekunde za mwisho, yuko wazi, pale pale anapopapenda, akarusha, mpira ukaingia kwenye ringi ukazunguka ukatoka. 96 kwa 94, na baada ya mechi moja Lakers wakaaga. Huo mpira hauwekwi kwenye video za muziki. Alafu cha kuchekesha kiangazi hicho hicho San Antonio, wale wale waliookoka, ndo wakamsajili.

Simwambii mtu huu mfano ili amdharau Horry. Nataka mshike kwamba mashuti ya jioni kwa maisha yote ya mchezaji ni machache sana, na kitu kichache hakiwezi kubeba hoja kubwa peke yake hata kama kinasisimua. Asilimia zake za pointi tatu msimu wa kawaida ni kama 34, za kawaida tu kwa mtu mrefu. Ukisema "Horry ni mrushaji bora" umeshashindwa kabla hujanyamaza, mtu atakutajia Steve Kerr mwenye asilimia 45 na ushei, bora kuliko wote kwenye historia ya NBA, pete tano akiwa mchezaji, na lile shuti la mechi ya sita 1997 alilopewa pasi na Jordan dhidi ya Utah. Na Kerr kama mchezaji hakuna anayempigia kelele.

Ninavyofanya mimi, na ndo nawashauri mfanye, ni kuliacha shuti na kuangalia nani yupo uwanjani. Shuti linaweza kuwa bahati, ila kuwepo uwanjani zimebaki sekunde tisa sio bahati, hapo kocha kakaa kaangalia benchi lake lote kaamua. Horry aliaminiwa hivyo na Rudy Tomjanovich pale Houston, akaaminiwa na Phil Jackson pale Lakers, akaaminiwa na Gregg Popovich pale San Antonio, makocha watatu ambao hawakufundisha kikapu cha aina moja hata kidogo. Mmoja alikuwa na Olajuwon, mmoja Shaquille O'Neal, mmoja Tim Duncan. Wapinzani wa Horry wanaitumia hii kumpiga, wanasema alibebwa na majitu matatu. Ni kweli alicheza na majitu. Ila jitu lile likipewa mpira chini ya ringi anakabwa na wawili watatu, na anayetakiwa kusimama mbali amtanulie nafasi ni mtu mrefu anayejua kurusha, anayejua kukaba mfupi na mrefu, na ambaye hatakwama kichwani ukimwacha peke yake. Miaka ile ya 90 watu wa hivyo walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Leo kila timu inamtaka namba nne, yaani mtu mrefu wa mbele, wa namna hiyo, inamlipa hela ndefu, na watoto wanadhani ndo kawaida tangu zamani.

Na ulinzi wake watu wanausahau kabisa. Fainali ya 1995 mechi ya pili dhidi ya Orlando aliiba mipira saba, rekodi ya fainali.

Chukueni Detroit 2005, mechi ya tano ya fainali, ngoma iko mechi mbili mbili. Huku kwetu mechi za fainali zinaanza kama saa kumi alfajiri kwahiyo wengi wetu tuliamkia kazini na macho mekundu. Horry mpaka karibu na mwisho wa robo ya tatu hana pointi hata moja. Akamaliza na 21. Muda wa nyongeza, San Antonio nyuma kwa mbili, yeye ndo anaingiza mpira kutoka pembeni, anampa Ginóbili kwenye kona, na Rasheed Wallace anamwacha Horry anakwenda kumbana Manu pamoja na mwenzake. Mpira ukarudi kwa Horry, pointi tatu, 96 kwa 95. Ukiangalia kwa jicho la shabiki unaona shuti. Rudisha video uangalie miguu ya Rasheed, moja ya mabeki wenye akili kubwa wa kizazi kile, anafanya uamuzi wa kumwacha mtu aliyemuumiza robo nzima ya nne. Alafu muangalie Horry, akishatoa pasi hashangai, anabaki mahali ambapo Manu anaweza kumrudishia bila kuangalia mara mbili. Kazi ya msaidizi ni hiyo, na ukiweza kuieleza hewani kwa sentensi mbili msikilizaji atakukumbuka kuliko yule anayepiga yowe.

Na ile ya Sacramento 2002 pia mnaielezea vibaya. Kila mtu anasema Vlade Divac aliupiga mpira ukaenda mikononi mwa Horry, bahati, king'ora, 100 kwa 99, kwisha. Sawa, mpira ulimfuata kweli. Ila Horry usiku ule alikuwa na pointi 18 na rebaundi 14, kwenye mechi ambayo Lakers walitanguliwa kwa 24. Bila kazi ya masaa mawili kabla, lile shuti lisingekuwa la kuamua chochote, na Sacramento wangeongoza kwa mechi tatu kwa moja. Mwandishi anayetoka na lile shuti tu kaandika sehemu ndogo sana ya mechi.

Kwenye meza za huku kwetu hii kitu inafanya kazi vizuri sana pia. Karatasi zetu za takwimu zinaandika pointi, rebaundi, pasi, faulo, basi. Ongezeni safu moja ndogo pembeni, kwa kalamu tu, walio uwanjani dakika mbili za mwisho mechi ikiwa ya karibu. Baada ya nusu msimu utashangaa majina yanayojirudia, kuna kijana hafikishi pointi sita lakini kila kocha anayempata hamtoi jioni. Mkifika wakati wa kuchagua mchezaji bora wa ligi mtakuwa na kitu cha kusema zaidi ya yule aliyefunga 30 kwenye mechi waliyofungwa. Hii mbinu ni rahisi, haihitaji kompyuta, na makocha wakikuona unaiandika wanaanza kukuheshimu.

Kitu kingine, msijifanye mnajua kigezo. Pale Springfield mtu akishapita kamati ya mchujo, jina lake linakwenda kwa jopo la watu 24 na anahitaji kura 18. Wapiga kura hawatajwi na hakuna popote palipoandikwa pete ngapi au pointi ngapi. Kwahiyo ukienda hewani kusema "kwa kanuni Horry hafai" unadanganya watu. Sema "mimi naona", inatosha, na inakulinda.

Na hesabu ya pete muitumie kwa adabu. Horry anazo saba, Michael Jordan sita, na hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuwapanga hivyo. Pete zinakwambia mtu alikuwa ndani ya nyumba, alikuwa anafanya nini humo ndani ndo kazi yako wewe kutuambia.

Mtaniuliza basi mzee wewe kura yako vipi. Cooper ningempa zamani sana, wamemchelewesha mno. Derek Fisher hapana, namuheshimu, lile shuti la sekunde 0.4 dhidi ya San Antonio 2004 sijawahi kuona kitu kama kile, pete tano, lakini nikiliondoa hilo na roho yake ya uongozi naona mchezeshaji wa kawaida aliyekaa mahali pazuri. Kerr akiingia ataingia na suti ya ukocha. Andre Iguodala ni mada nyingine, yule alikuwa staa Philadelphia kabla hajakubali kutoka benchi Golden State akawa MVP, yaani mchezaji bora, wa fainali 2015, msimuweke kapu moja na hawa. Horry ningempa kura, kwa shingo upande kidogo, na kwenye karatasi yangu sababu ya kwanza nisingeandika shuti lolote, ningeandika Tomjanovich, Jackson, Popovich. Anayepinga aniletee mchezaji mwingine asiye staa ambaye hao watatu, au wengine watatu wa ukubwa huo kwa timu tatu tofauti, walimuachia mpira wa msimu mzima zikiwa zimebaki sekunde chache. Akimpata tukae tubishane upya, mi nitanunua chai.