Amplifaya ya Valvu Ikipoteza Sauti, Usikimbilie Kununua Valvu

Amplifaya yangu ya gitaa ni ya miaka ya 1960. Ilipofika mikononi mwangu besi ilikuwa imelegea kama ngoma iliyolowa, na kila nilipopiga noti ya juu, chini yake ilisikika nyingine ambayo sikuipiga. Nikanunua seti nzima ya valvu mpya, zile chupa za kioo zinazokuza sauti. Fedha ikaenda, sauti ikabaki vilevile.

Tangu hapo naanzia nje. Nabadilisha waya wa gitaa, natoa pedali zote, najaribu gitaa jingine. Kisha spika: naunganisha nyingine yenye omu zilezile (kipimo cha ukinzani wa umeme). Amplifaya ya valvu usiiwashe kabisa bila spika, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na hiyo ni kati ya vipuri vya bei kubwa kuliko vyote humo ndani. Umeme ukiwa umezimwa, sukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Ukihisi inakwaruza, koili yake inagusa sumaku, na hakuna valvu itakayoliponya hilo.

Mikwaruzo inayosikika unapozungusha vitufe vya sauti mara nyingi ni uchafu tu. Puliza dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, uzungushe kwenda na kurudi mara ishirini hivi.

Sasa valvu zenyewe. Amplifaya ikiwa inawaka, gonga kila valvu ndogo kwa kitako cha penseli ya mbao. Inayolia kama kengele imechoka. Weka moja ya 12AX7 (aina ya valvu ndogo) unayojua ni nzima, nafasi moja baada ya nyingine, usikilize ni wapi tatizo linaondoka. Zile kubwa za kutolea nguvu ziangalie kwa macho: bamba la chuma ndani likigeuka jekundu, zima papo hapo. Ama bayasi (volti inayopanga kiasi cha umeme unaopita kwenye valvu) imekosewa, ama kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme) iliyo kabla ya valvu inavujisha umeme wa DC, yaani wa mwelekeo mmoja, kwenye gridi, sehemu ya valvu inayoongoza umeme huo. Ukiweka valvu mpya hapo, nazo zitaungua.

Shida ya yangu ilikuwa kapasita za kuchujia umeme. Ndani yake kuna majimaji ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita, na zangu zilikuwa zilezile za kiwandani. Zikikauka haziwezi tena kulainisha umeme unaotoka kwenye rektifaya, sehemu inayogeuza umeme wa ukutani kuwa DC. Kinachobaki ni mtikisiko wa hezi 100 pale umeme wa ukutani ulipo wa hezi 50, au 120 pale ulipo wa 60. Mtikisiko huo hujichanganya na noti unayopiga, ndipo inazaliwa ile noti ya pili. Besi nayo hulegea kwa sababu umeme hushuka kila unapopiga kwa nguvu.

Hapa nakusihi kwa dhati: usifungue kama hujazoea kazi hii. Humo ndani mna volti 400 na zaidi, na kapasita huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Hutolewa kwanza kupitia rezista, kisha mtu anahakikisha kwa mita kabla hajagusa chochote. Umeme wa namna hii unaua.

Mimi nilimpelekea fundi anayezijua amplifaya hizi. Alibadilisha zile za kuchujia, kisha akabadilisha pia zile ndogo za kwenye kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), ambazo zikikauka sauti huwa nyembamba na dhaifu. Jioni ile nilipiga noti ya juu nikaiacha ining'inie hewani mpaka ikaisha yenyewe. Chini yake palikuwa kimya.

Valvu za zamani nilizozitoa alizipima moja moja. Zote nzima. Ndizo zinazowaka humo mpaka leo.