Jibu: Mjamzito kambini, kichwa kinauma na kadi hana

Habari dada, pole kwa wasiwasi. Nimekuelewa hivi: mdogo wako ana mimba ya miezi saba, amefika karibuni kwenye kambi ya wakimbizi, hajasajiliwa, na sasa kichwa kinamuuma na uso umevimba. Unauliza kama asubiri kadi ya usajili kwanza.

Asisubiri. Aende kliniki leo, na neno la kwanza akifika liwe "nipimeni presha". Huduma ya dharura ya uzazi inatakiwa kupatikana kambini saa 24, na haipaswi kungoja usajili.

Mimi ni mkunga, nimehudumia wajawazito kambini. Miguu kuvimba jioni huwapata wengi. Lakini uso na vidole vikivimba mpaka pete haitoki, na kichwa kikakataa kutulia, nawaza dalili za mwanzo za kifafa cha mimba. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, apimwe na protini kwenye mkojo. Akiona ukungu au vimulimuli machoni, akiumwa chini ya mbavu, au akipata degedege, mkimbizeni hata usiku wa manane.

Akizuiwa mlangoni, mtafuteni mhudumu wa afya ya jamii wa eneo lake la kambi. Huyo ndiye anayejua jinsi ya kuliita gari la wagonjwa, na kauli yake husikilizwa. Kama mdogo wako hajui lugha ya wauguzi, aende na mwanamke anayemwamini amtafsirie; mambo mengine hatayasema mbele ya mwanamume. Foleni ya usajili ashike ndugu mwingine.

Tuandikie presha waliyosoma, maana kwa mbali siwezi kumpima.