Nani atainuka kutuza?

Swali la wiki: Mwaka 2008 mwigizaji wa Marekani Scarlett Johansson alitoa albamu yake ya kwanza, karibu yote ikiwa nyimbo za mwanamuziki Tom Waits. Mwigizaji akiingia kwenye muziki kwa nyimbo za mwenziwe, anaimba au anaigiza?

Mhariri, salaam. Swali lenu limenichoma kidogo, kwani mimi ni mwimbaji wa harusi hapa Mombasa, mwaka wa 29 huu, na sijatunga hata ubeti mmoja uliowahi kutoka nje ya mlango wangu. Nyimbo za watu ndizo zilizonilipia kodi ya nyumba na karo za watoto. Kama kuimba wimbo wa mwenzio ni kuigiza, basi nilistahili kupewa filamu zamani.

Wacha nieleze kazi yenyewe, kwa wasomaji wa bara. Ni usiku wa kina mama, wanaume hawaingii, mabuibui yashavuliwa, ukumbi wote wanukia udi na asumini. Sisi tuko wanne: kinanda, ngoma mbili, na mimi. Zamani tulikuwa na mpigaji wa tashkota, kile chombo cha Kijapani chenye nyuzi na vibonyezo kama vya taipureta, kinacholia kwenye nyimbo za mwimbaji wa taarabu Zuhura Swaleh. Baridi yabisi ilimshika vidole akaacha, na hatujapata mwingine. Wageni hawaji kusikiza jipya. Wamtaka Zuhura, wamtaka Malika, wamtaka Maulidi Juma. Siku moja nilichomeka wimbo alioutunga dadangu, mzuri wallahi, na ukumbi mzima ukakumbuka ghafla kwamba kuna biriani.

Harusi yangu ya pili au ya tatu ilikuwa Kibokoni. Niliimba wimbo wa Zuhura vile vile alivyouimba yeye, kila mkunjo wa sauti, hata pale anapovuta pumzi. Nilikuwa nimeusikiza hadi utepe wa kanda ukaanza kuliwa na redio. Nikashuka jukwaani nikijiona. Mama mmoja mkongwe akaniita, akanishika mkono, akaniambia: "Umeimba vizuri, mwanangu. Lakini Zuhura ninaye kwenye kanda nyumbani. Wewe mwenyewe umekuja?"

Sikulala usiku ule.

Jibu lake sikulipata kwa mwimbaji yeyote. Nililipata kwa watuzaji. Mwimbaji akifika kwenye maneno yanayomgusa mtu, mtu huyo huinuka, akaja mbele akicheza taratibu, noti mkononi, akampepea nayo mwimbaji kabla ya kumpa. Na ukumbi mzima unatazama: kainuka nani, kwenye mstari upi, na jicho lake limemwelekea nani. Beti za kumsuta jirani, zilizotungwa labda miaka ya sabini kwa ugomvi ambao wenyewe washakufa, usiku huo zinakuwa za huyu mke mkubwa mwenye noti ya mia mbili, anayemkazia macho mke mdogo aliyekaa meza ya nne. Mtunzi hakuwajua hawa. Mimi pia siwajui. Lakini wimbo ushahama nyumba. Nikiona hivyo naurudia mstari mara tatu, mara nne, nauvuta, nauchelewesha, nampa mwenye noti nafasi ya kumaliza shughuli yake. Hiyo haimo kwenye kanda ya Zuhura. Ni ya usiku huo, na mkono wangu umo.

Kwa hivyo mimi nikisikia mtu kaimba nyimbo za mwenziwe, siulizi katunga nani. Nauliza kama kuna mstari uliohama.

Haya, waigizaji. Sisi wa Mombasa tumelelewa na filamu za Kihindi, na tangu udogoni twajua kwamba mdomo ni wa mmoja na sauti ni ya mwingine. Tuliokuwa tukipelekwa sinema za Regal na Naaz tulijua fika kuwa yule binti anayezunguka mti hana sauti ile. Sauti ni ya Lata Mangeshkar. Wiki ijayo atakuja binti mwingine na mti mwingine, Lata ni yule yule. Hakuna aliyedai arudishiwe pesa zake za tikiti. Mahadhi yale yale yakatoka sinema yakaingia kwenye taarabu: Juma Bhalo aliyachukua akayavika mashairi ya Kiswahili, na mpaka leo kuna wazee hapa mjini wakisikia wimbo wa filamu ya zamani redioni husema, "Ah, Wahindi nao, wamemuiga Bhalo!"

Ndiyo sababu Salma Agha alitushtua. Alitokea kwenye Nikaah mwaka 1982, mwigizaji mwenyewe, na akaimba kwa koo lake mwenyewe. Mamangu alinichukua kwenye shoo ya wanawake peke yao. Ile ni filamu ya talaka, na nakumbuka nilikuwa mdogo mno kuelewa kwa nini wanawake wote wa safu yetu wamejifunika leso usoni. Wimbo wake, "Dil Ke Armaan", ulimpatia tuzo ya Filmfare ya mwimbaji bora wa kike. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka mmoja kabla, 1981, yeye na dadake Sabina walitoa albamu ya nyimbo za ABBA, wale Waswidi, wakiziimba kwa Kihindi. Albamu ya kwanza, nyimbo zote za watu, na mwimbaji ni mwigizaji mtarajiwa: ni swali lenu hilo hilo, miaka 27 kabla ya Johansson. Nimeisikiza. Ni mchezo mchezo, ya kuchangamsha gari njiani kwenda Malindi, lakini kule kubadili lugha tu kumeshaing'oa miguu kutoka barafuni. Kisha sauti ile ile ikaja kututoa machozi kwenye Nikaah. Hakuna aliyeuliza kama ABBA walimuazima koo.

Sasa Johansson mwenyewe. Dalili tuliiona 2003 kwenye Lost in Translation, pale anapovaa nywele bandia za waridi akaimba karaoke mjini Tokyo. Albamu yaitwa Anywhere I Lay My Head. Ina vipande 11: kumi vya Waits, kadhaa alivyovitunga pamoja na mkewe Kathleen Brennan, na kimoja alichokitunga Johansson na mtayarishaji wake, David Sitek. Walirekodi jimbo la Louisiana, huko huko Marekani. Mwimbaji wa Uingereza David Bowie, Mungu amlaze, ameitikia kwenye nyimbo mbili, na ukitaka kujua kazi ya mwitikiaji ni nini, msikize yeye: yuko pale, hasukumi mtu.

Wanaosema kaiba waache. Sheria ya Marekani ni kwamba wimbo ukishatolewa hadharani kwa ruhusa ya mwenyewe, mtu mwingine anaweza kuurekodi bila kumpigia magoti mtunzi, mradi asiyavunje mahadhi yake ya msingi na alipe ada iliyowekwa. Mwaka ule ilikuwa senti 9.1 za dola kwa wimbo wa kawaida, kwa kila nakala. Wanaomwita mvivu, basi wajue watunzi walilipwa kwa uvivu huo. Sisi wa harusini hatumpelekei mtunzi hata ndururu, na hiyo ni aibu yetu, nimeisema mimi kabla hamjaisema nyinyi.

Uchaguzi wake naupenda. Waits ana sauti ya changarawe, ya mtu aliyelala gatini usiku kucha mvua ikimpiga. Msichana wa miaka 23 hawezi kuiiga hata akitaka, atapasuka koo. Maana yake mlango wa kuiga ameufunga mwenyewe kabla hajaanza, ikabidi aje yeye. Laiti ningekuwa na akili hiyo kule Kibokoni.

Na kuna mstari uliohama. Waits alitoa "I Don't Wanna Grow Up" mwaka 1992, keshapita miaka 40: libaba lenye sauti ya mawe likilia kwamba halitaki kukua. Unacheka, halafu kicheko kinakukwama. Johansson ameanza filamu akiwa na miaka tisa. Alipouimba wimbo huo, watu walikuwa wamemtazama akikua kwenye pazia la sinema kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na magazeti yakijadili mwili wake kana kwamba ni wa umma. Maneno ni yale yale, lakini anayekataa kukua sasa ni mtoto aliyekuzwa mbele ya kamera, na amekataa akiwa amechelewa. Hapo mimi ningeinuka na noti.

Lawama yangu ni kwa Sitek. Amemfunika. Vinanda, kengele, saksafoni, mwangwi juu ya mwangwi, na sauti ya bibi huyu, ambayo ni nzito na nzuri, iko chini huko kama mtu anayekuzungumzia kutoka ndani ya neti ya mbu. Kwenye "I Wish I Was in New Orleans" amemwekea muziki wa kile kisanduku cha watoto kinacholia ukikifunua. Nilivumilia mara moja. Nayajua mambo haya kutoka upande wa jukwaani. Siku nisiyojiamini, mpiga kinanda wangu hukipandisha sauti bila kuambiwa, nami humshukuru kwa jicho. Nahisi ndicho kilichotokea Louisiana. Watu waliona mwigizaji kajificha nyuma ya Waits. Waits hakumficha kabisa, amemweka uwanjani mchana kweupe. Zilizomficha ni ala, na hiyo ndiyo hofu ya mgeni wa kazi, tumepita huko wote.

Kwa hivyo anaimba au anaigiza? Mkinibana nitasema anaimba, nusu ya albamu. Nusu nyingine anaiogopa.

Nimalize na lililotokea Jumatano iliyopita, kwani ndilo lililonifanya niandike. Chamani kwetu, baada ya kuchanga pesa, niliwaekea wenzangu simu mezani nikawapigia "Green Grass". Wa kwanza kusema alikuwa mpiga ngoma wangu: "Huyu ana sauti, mwambie atoke chini ya shuka." Mwingine akauliza kama huu ni wimbo wa msiba, mbona watembea polepole hivyo. Kiingereza hakijui, lakini hakukosea. Aliyekufa ndiye anayezungumza, anamwambia mpenzi wake aje palipo kaburi lake, alale juu ya majani. Nikawatafsiria jinsi nilivyoweza, mstari kwa mstari, nikiyatafuta maneno.

Tunaye mwenzetu mmoja aliyefiwa na mumewe mwaka jana, siku chache baada ya Idi. Si mtu wa kusema. Akaomba niurudie. Nikaurudia. Akaomba tena. Mara ya tatu, bi huyu alifungua fundo la leso yake, akatoa noti ya mia, akainuka, akaizungusha polepole juu ya simu kama afanyavyo harusini, akailaza pale juu ya kioo. Hakuna aliyecheka wala aliyepiga kigelegele. Simu ikaendelea kuimba chini ya noti mpaka wimbo ukaisha.

Noti hiyo ninayo bado mkobani. Wenzangu wasema ni yangu, kwa kuwa simu ni yangu. Mimi najaribu kuigawa: Waits, mkewe, Johansson, na huyo Sitek na kengele zake. Kuna msomaji anayejua wanapokelea wapi?

Mwimbaji wa harusi, Mombasa